Mbao za Masalu

Novemba 6

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati kama kokoto zinamwagwa kutoka kwenye lori, ikakata kabla chai haijachemka. Kazi yangu ni matimba: nakata magogo ya mkaratusi na kuyasimamisha ndani ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, ili kuta zisiwaangukie wachimbaji. Duara likiingia maji sina kazi. Kwa hiyo leo nimeshinda ndani, nikachukua daftari la Davis lililobaki kurasa, naandika. Kwetu Majita ningekuwa nimekaa na kaka zangu tunapiga soga. Hapa Mwakitolyo sina kaka.

Nimo katika nyumba hii tangu Agosti, mimi na Klara tulipofunga ndoa bomani. Nyumba si yangu. Aliijenga marehemu mumewe, Masalu, aliyefukiwa duarani miaka minne iliyopita, kabla sijakanyaga huku. Kijiweni wanasema Athanas ameolewa. Nacheka nao, lakini kicheko hakishuki hadi moyoni.

Watoto ni wawili. Davis, wa darasa la kwanza, ananipanda mgongoni kama mbuzi anavyopanda kichuguu. Noela ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza. Asubuhi ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, tumemaliza. Hajawahi kuniita kwa jina lolote, wala baba, wala mjomba, wala Athanas.

Novemba 9

Jua kali. Nimeshinda duarani.

Novemba 15

Tunakula sakafuni, kwenye mkeka, Klara na watoto upande mmoja, mimi kwenye kigoda peke yangu kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Jana nilimwambia Klara kwamba nataka kutengeneza meza, kubwa ya kututosha wote, na mabenchi yake. Sijawahi kutengeneza meza. Lakini mti naujua, na shoka na msumeno navijua. Klara akanionyesha juu ya kenchi, kwenye mihimili ya paa. Kuna mbao za mninga pale, alisema, alizinunua Masalu upande wa Kahama kwa ajili ya vitanda vya watoto, akafa hajavianza. Tangu hapo zimelala juu. Akasema nizichukue, bora ziwe kitu kuliko kuliwa na mchwa.

Nilizishusha leo. Zimekauka vizuri, nyekundu kama nyama ya ng'ombe ukizikwangua kwa kisu. Sijapata kushika mbao nzuri kama hizi.

Noela alirudi kutoka shule akazikuta zimelala uani. Alisimama akaziangalia na begi mgongoni, kisha akaingia ndani. Hakula jioni. Alisema tumbo.

Novemba 18

Nimeazima randa na patasi kwa fundi Deusdedit wa karibu na mashine ya kusaga. Amenionyesha jinsi ya kutoboa tundu kwa patasi na kuchonga ulimi unaoingia humo, ili miguu isishikwe kwa misumari mitupu. Nimeharibu kipande kimoja. Amecheka, akanionyesha tena.

Novemba 22

Leo limetokea jambo ambalo sikulielewa. Nilikuwa nakata ubao mrefu, ukawa unarukaruka. Nikamwambia Davis akae juu yake autulize. Akakaa, anacheka, anajifanya yuko kwenye pikipiki. Noela alitoka jikoni na ndoo ya maji. Aliiangusha pale pale, akamshika mdogo wake mkono, akamvuta chini kwa nguvu hadi mtoto akaanguka na kuanza kulia. Nikamuuliza ana nini. Akaniangalia mara moja tu, akaingia ndani, pazia la chumba chake likaanguka nyuma yake.

Klara alimfuata. Aliporudi alisema amekataa kusema lolote. Akaniomba nivumilie, ndio umri.

Nimevumilia. Lakini mtoto hakumkosea mtu.

Novemba 30

Mvua.

Desemba 3

Mvua. Maduara matatu ya upande wa magharibi yamejaa maji. Wachimbaji wanacheza bao. Mimi nina meza.

Desemba 10

Meza imesimama. Ina futi sita, miguu minne minene, haitikisiki hata Davis akiruka juu yake, na ameshajaribu. Nimeipaka mafuta, rangi imekolea. Klara aliipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kiganja, akasema, "Hii sasa ni nyumba." Nikaona aibu kwa furaha niliyoisikia, nikajifanya naokota maranda.

Jioni tumekula mezani, ugali na dagaa. Noela alichukua sahani yake akaenda kula jikoni, kwenye kibanda cha nje. Mvua ilikuwa inanyesha.

Desemba 13

Tena jikoni.

Desemba 17

Tena. Shule zimefungwa, yuko nyumbani kutwa. Anafua, anateka maji, anapika, hana uvivu hata chembe. Anafuta kila kitu ndani isipokuwa meza. Akipita sebuleni anapita ukutani kabisa, kama anayepita karibu na ng'ombe mkali.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia Klara: naona mtoto huyu ananichukia, na amechagua meza kuwa mahali pa kunionyesha. Nimefanya kazi mwezi mzima nyumba iwe na mahali pa kukaa watu wanne. Wanakaa watatu.

Desemba 25

Nimekosea leo, au amekosea yeye, sijui.

Tulitoka kanisani tumelowa. Klara alipika wali na kuku. Nilimwalika Deusdedit na mkewe Dorah, na wazee wawili wa jumuiya. Nilitaka waione meza, sitaficha. Watu wakakaa, wakaisifu. Noela akaja na bakuli la mchuzi, akanyoosha mkono kwa mbali, akaliweka ukingoni, akageuka aondoke. Mmoja wa wazee akauliza kwa utani kama binti wa nyumba hii halagi na watu. Wakacheka. Nikasikia masikio yanawaka moto. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Noela, kaa hapa ule."

Klara alinigusa goti chini ya meza. Nikarudia.

Noela akakaa. Akaweka mikono mapajani. Klara akampakulia. Alikuwa anatetemeka, na mimi nikadhani ni kiburi. Kisha viganja vyake vikagusa mbao, sijui kwa bahati mbaya au alikuwa anajishikilia asianguke, na akatapika hapo hapo, mbele ya wageni, mbele ya wali. Akatoka mbio mvuani.

Wageni waliondoka mapema. Klara amesafisha mwenyewe. Nilipochukua kitambaa nimsaidie, alinipokonya.

Desemba 26

Noela hayupo. Tumeamka kitanda chake kimetandikwa, sare na kandambili hazipo. Klara amezunguka kwa majirani wote, mimi nimezunguka maduarani, hadi kwenye mabwawa ya kuoshea mchanga, nikiangalia maji ambayo sikutaka kuyaangalia. Mungu anisamehe kwa niliyoyawaza pale.

Saa nane mchana simu ililia. Ni Mbuke, dada wa marehemu Masalu, anayeishi Songwa, wilaya ya Kishapu. Mtoto amefika kwake salama. Alipewa lifti hadi mjini na lori la mahindi, akapanda basi kwa akiba yake ya shule. Shangazi huyo alizungumza na Klara kwa Kisukuma, kwa muda mrefu. Mimi Kisukuma chao sikifuati vizuri. Nilisikia jina langu mara moja tu.

Desemba 28

Klara hazungumzi nami ila kuhusu chumvi na kuni.

Desemba 31

Davis ameuliza dada atarudi lini. Nimemwambia shule zikifunguliwa. Akauliza nani atamleta. Kabla sijajibu akarudi kwenye mchezo wake.

Januari 2

Nimemwambia Klara nitakwenda mwenyewe. Alidhani nakwenda kumfokea, akasema hapana. Nikamwambia kwamba ninakwenda kuuliza, maana tangu nifike katika nyumba hii nimesema sana na kuuliza kidogo. Alinitazama, akaenda kunikunjia shati.

Januari 4

Naandika haya nikiwa Songwa, nyumbani kwa shangazi Mbuke, nimekaa barazani. Ng'ambo ya mashamba kinaonekana kilima cheupe cha mchanga wa mgodi wa almasi. Nimelowa hadi kiunoni. Barabara ya kutoka kwetu imekuwa uji. Bodaboda iliniangusha mara mbili kabla ya Solwa.

Shangazi Mbuke ni mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Nilijiandaa kwa matusi. Alinipa maji ya kunawa, akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akasema wabeja, asante kwa kuja. Baada ya kula ndipo akaniuliza zile mbao nilizipata wapi. Nikamwambia: kwenye kenchi, Klara alinipa, Masalu alizinunua kwa ajili ya vitanda.

"Zilikuwa nyingi zaidi ya hizo," akasema. "Nusu yake amezikwa nazo."

Alinieleza. Siku walipomtoa Masalu duarani kulikuwa na mvua kama hizi, magari hayapiti, jeneza halipatikani popote, na mwili ulikuwa umekaa chini siku nyingi. Yeye Mbuke ndiye aliyewaambia wanaume wazishushe mbao za nduguye. Klara alikuwa ndani katikati ya wanawake, hajui hata ni mchana au usiku. Hadi leo anadhani wanaume walinunua jeneza. Fundi alichonga uani. Mbao zilikuwa ndefu, zinaruka kwa msumeno. Na kwa kuwa watu wazima walikuwa kaburini wanachimba, fundi alimwita mtoto aliyekuwa amesimama karibu, akamwambia akae juu ya ubao autulize.

Noela alikuwa na miaka kumi. Alikaa juu ya ule ubao hadi ukakatika. Kisha akamshikia fundi misumari.

Nilimwona Davis anavyocheka juu ya ubao, nikaiona ndoo inaanguka.

Nikauliza kwa nini hakutuambia. Shangazi akasema alimuuliza swali hilo hilo, akajibiwa kwamba mama angelia.

Noela alikuwa shambani anapalilia pamba. Nilichukua jembe la ukutani, nikaenda nikaanza mstari wa jirani yake. Hakunyanyua kichwa. Aliniamkia, nikaitikia. Tulikwenda hadi mwisho wa shamba tukageuka. Kisha yeye ndiye aliyeanza, bila kuacha kulima.

"Duara la baba, matimba yake ulipiga wewe?"

"Hapana. Mwaka ule nilikuwa bado kwetu Majita, nalima mihogo."

Tukaenda hatua kadhaa. Nilimwambia kwamba shangazi amenieleza. Nilimwambia kwamba sikujua, na kwamba kutokujua kwangu hakukunipa ruhusa ya kumlazimisha mbele za watu, na naomba anisamehe. Nilisema meza nitaichoma, au nitaiuza mbali, atakavyo.

Alisimama hapo. Alikasirika, niliona.

"Usizichome. Ni za baba." Akafuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Mbao hazina ubaya. Zikisimama naweza kuziangalia. Zikilala siwezi."

Nilimuuliza basi tuzisimamishe wapi. Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu.

"Chumba changu hakina mlango," akasema.

Januari 5

Sikuwaza jambo jingine njia nzima. Nitaliandika lilivyo. Aliposema vile kitu kilinichoma. Nilijiambia: kumbe ananiona mtu wa aina hiyo. Tangu Agosti sijasogea karibu na lile pazia, hata likipeperushwa na upepo nageuza uso. Nilikaa barazani jana nimenuna, na shangazi Mbuke akaniona.

"Usichukie," aliniambia. "Mtoto wa kike kuomba mlango si tusi. Ungekuwa mtu mbaya asingekuomba wewe."

Leo asubuhi tumepanda basi wote wawili. Hakukaa karibu nami, alikaa kiti cha nyuma yangu. Mjini nilinunua bawaba tatu na komeo. Komeo nilimwachia achague yeye, dogo au kubwa. Akachagua kubwa.

Nyumbani Klara alimkumbatia hadi nikatoka nje. Waliongea chumbani. Nilisikia Klara analia, na muda mrefu baadaye nikasikia wote wawili wanacheka kidogo, kile kicheko chenye pua iliyoziba. Aliyoogopa Noela yametokea, mama amelia, na nyumba haijaanguka.

Nilipoingia niliona lile pazia kwa macho mengine. Ni khanga iliyochakaa imefungwa kwa kamba. Mtu mzima anaweza kuona ndani bila hata kutaka. Msichana amekua nyuma ya khanga hiyo, kisha akaletewa mwanamume mgeni ndani ya nyumba, na mgeni akatengeneza meza.

Januari 9

Shule zimefunguliwa. Noela sasa kidato cha pili. Nimeanza kuibomoa meza. Tundu na ndimi zimeshikana vizuri mno, nimejilaani kwa ufundi wangu.

Januari 13

Noela amekuja uani akasimama mbali. Nilizisimamisha mbao zote ukutani kabla hajarudi kutoka shule. Alizihesabu kwa macho, akasogea, akashika mojawapo. Akaniambia hii ndiyo ilikuwa ya kitanda chake, baba yake alimwonyesha fundo la mti lililo kama jicho, akasema litamlinda. Nikamwambia nitaiweka katikati.

Januari 20

Mbao za meza ni fupi kuliko tundu la mlango kwa shibiri moja na nusu. Sina mninga mwingine. Nimepasua gogo la mkaratusi nililolileta kwa ajili ya duara, nikapata kipande cha chini. Rangi haifanani, cheupe chini ya nyekundu. Klara anasema mlango unaonekana kama mtu aliyevaa soksi.

Januari 28

Mvua kubwa. Fremu imeingia, imenyooka.

Februari 2

Mlango umekaa. Nilimwita Noela aje aonyeshe komeo liwe kimo gani. Alinyoosha mkono, akaweka kidole, nikapiga alama hapo. Kisha akaniomba bisibisi. Nilimpa, nikatoka nje. Nilisikia akihangaika na skrubu ya kwanza, akiiangusha, akiokota. Sikurudi ndani. Mwisho nikasikia komeo linaingia, tak. Likatoka. Likaingia tena.

Tunakula kwenye mkeka kama zamani. Kile kigoda changu nimempa Davis cha kuchezea, nami nimekaa chini na wenzangu. Tumekula wanne.

Februari 11

Kila jioni nalisikia lile komeo. Mwanzoni lilikuwa likinichoma kidogo. Sasa nalisikia kama ninavyosikia ng'ombe wa jirani wakifungiwa zizini: kila mmoja yuko mahali pake, salama.

Februari 19

Kuta za duara moja zimeporomoka, hakuna aliyekuwa ndani, matimba yalishika hadi wote wakatoka. Nilirudi nimejaa tope hadi kwenye nyusi. Noela alikuwa mlangoni. Habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu, bila jina la mtu. Alinipokea shoka, akaenda kunichotea maji ya kuoga, akayapasha moto, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha nikamsikia nyuma ya jiko anatapika.

Nimemwambia Klara nitapunguza kushuka mimi mwenyewe. Wapo vijana niliowafundisha. Deusdedit ana oda za madirisha ya shule, anahitaji mtu.

Machi 3

Nimeanza kwa Deusdedit. Malipo madogo, lakini jua naliona kutwa.

Machi 17

Mvua. Davis ana homa.

Machi 19

Davis amepona, anadai pikipiki ya mbao.

Machi 30

Mvua, mvua, mvua. Chumvi imegeuka maji kwenye kopo. Viatu vya Noela vimeota ukungu.

Aprili 14

Jana Noela alikuja karakana baada ya shule, na rafiki yake. Alisimama kizingitini akaniomba msasa, dawati lake linachana soksi. Nilimpa. Rafiki akamuuliza kwa sauti ya chini mimi ni nani. Nilijifanya nalenga ubao kwa jicho moja. Noela alimjibu, "Wa nyumbani." Wakaondoka.

Aprili 23

Leo mvua imepumzika. Nilirudi mapema nikamkuta Noela anasukumana na mlango wake kwa bega. Mbao zimenyonya maji ya msimu mzima, zimevimba. Mlango unakwama kwenye fremu, unabaki wazi upana wa kiganja, na komeo halifiki tunduni. Nilimuuliza tangu lini. Akasema wiki ya pili sasa, analala hivyo hivyo.

Wiki ya pili, nami sikugundua kwamba silisikii tena lile komeo.

Nilikwenda kuleta randa. Nikamwambia asimame pembeni, nitauondoa kidogo tu ubavuni, dakika chache, usiku alale amefunga.

Aliweka mkono juu ya mlango. "Uache," akasema. "Kiangazi utasinyaa wenyewe. Ukiuranda sasa, Julai utakuwa na mwanya."

Alikuwa sahihi kuhusu mbao. Lakini nilimwambia kwamba kiangazi bado mbali, na komeo halishiki.

"Najua," akasema.

Akarudi kupiga pasi sare yake. Nilisimama pale na randa mkononi, kisha nikaenda nikairudisha kwenye kisanduku.